Kombe Lina Mwenyewe

Hotuba kwa akina mama na vijana waliohitimu mafunzo ya mapambo ya asili, Ujiji, Kigoma

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, mwalimu wetu, mama zangu, wadogo zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma mkidhani siwaoni: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamkuitikia huku wala kule, hamjambo?

Mshereheshaji amenipa dakika 20 na kuniomba nizungumzie ujasiriamali. Neno hilo mmelisikia wiki tatu mfululizo, na naona hata leo likitajwa watu wanatazama saa. Basi mimi nitazungumzia vitu vya kuokota. Ndivyo vilivyonisomeshea watoto wawili, na ndivyo vilivyowahi kunitia aibu mbele ya mtaa. Nianze na aibu, kabla hatujala.

Miaka ile naanza kazi hii nilitengeneza pazia la mlangoni kwa makombe ya konokono wa ziwani. Mnayajua, yale meupe yanayoelekea kijivu, makubwa yake yanakaribia yai la kuku wa kienyeji. Niliyaokota mwenyewe ufukweni Bangwe, yaliyotupwa na mawimbi, nikayatoboa moja moja na kuyatunga kwenye uzi wa nailoni. Upepo wa jioni ukipita yanagongana, ungedhani muuza kahawa anapita kwa mbali na vikombe vyake.

Siku moja akapita mtu mwenye nyumba ya wageni. Akasimama, akalichezea lile pazia kwa mkono, akataka kama hilo kwa milango minane. Akaniachia advansi ya laki mbili. Usiku nikapiga hesabu: kila mlango nyuzi 24, kila uzi makombe 30. Milango minane, makombe 5,760. Mawimbi hayaweki mkataba na mtu. Kwa kungoja yatupe, ningemaliza mwaka. Nikawaita vijana wa mwaloni, nikawaambia ndoo moja elfu mbili.

Siku nne, ndoo kumi na moja. Sikuuliza wameyapata wapi kwa haraka hivyo. Hawakuokota ufukweni wale, walipiga mbizi wakazoa chini. Nikayamwaga barazani yakauke, nikalala nimefurahi.

Alfajiri natoka na ufagio, nakuta sakafu ina samaki. Dagaa nawajua, hawa hawakuwa dagaa. Visamaki vyenye mistari, hakuna hata kimoja kinachofikia urefu wa kidole changu kidogo. Maji ndani ya makombe yalipokauka usiku walitoka, wakafia kwenye saruji. Wengine walikuwa nusu nje, mkia bado uko ndani ya kombe. Nilihesabu hadi 30 nikaacha. Paka wa jirani hakuacha.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatoka msikitini. Akasimama, akaokota kombe, akalitikisa, akalisogeza sikioni. Akaniambia, "Binti yangu, umebomoa mtaa mzima."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba mzee alikuwa amesema kitu ambacho wataalamu wa ziwa wanakiandika kwenye vitabu. Konokono yule, wao wanamwita Neothauma, hapatikani katika maji mengine yoyote duniani isipokuwa Ziwa Tanganyika. Akifa, kombe lake halipotei. Linabaki chini, na mengine yanakuja juu yake, mpaka sehemu nyingine sakafu ya ziwa inakuwa makombe matupu kwa eneo kubwa. Humo ndimo wanamoishi samaki hao. Kuna aina isiyofika hata sentimita tano kwa urefu, inayozaliwa, kuolewa na kuzeeka pembeni ya kombe. Kuna nyingine, jina lake la kitaalamu linaishia callipterus, dume lake hubeba makombe kwa mdomo, moja moja, na kuyakusanya mahali pamoja ili majike waingie kutaga mayai ndani. Dume huyo anaweza kuwa na uzito mara 12 ya jike lake. Hebu pigeni picha: mume ana kilo 80, mke ana kilo saba kasoro, sawa na mtoto wa kunyonya. Mke anaingia ndani ya nyumba, mume hata mlangoni hapiti. Yeye kazi yake kuleta matofali.

Na mimi matofali hayo nilitaka kuyatundika kwenye milango minane.

Nilikodi mtumbwi nikayarudisha, karibu na yalipotolewa, maana wale vijana wenyewe walibishana ni wapi hasa. Walinicheka njia nzima, na bado wakadai hela ya ndoo zote kumi na moja. Nikawalipa, makosa yalikuwa yangu. Tangu siku ile kombe silinunui kwa mtu. Nikikuta moja limetupwa juu mchangani, limekauka na kupauka kwa jua, nachukua. Lililomo majini lina mwenyewe, hata kama simwoni. Tena kule kwenye majani ya pembeni wanakopenda kupapasa watoto kuna kichocho, hiyo mnaijua bila mimi kuwaambia.

Sasa, mwenye nyumba ya wageni bado anangoja mapazia. Nikaangalia mbele yangu, nikaangalia nyuma, nikaona jirani yangu amekaa chini ya mwembe anagonga kokwa za chikichi atoe mise, kile kiini cha ndani.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kwa kweli. Ninyi mmezaliwa na chikichi, kwa hiyo hamzioni. Mawese yakishakamuliwa zinabaki kokwa, nyeusi, zina nyuzi nyuzi kama ndevu. Zinaanikwa, zinagongwa juu ya jiwe, mise inatoka inakwenda kwenye mafuta au sabuni, na ganda linakwenda jikoni kuwa kuni. Hilo ganda ndilo nililolipenda mimi. Chukueni kokwa moja nzima mkaitazame mkifika nyumbani: upande mmoja ina matundu matatu, kama nazi, kama uso wa mtu aliyeshangaa. Mteja akiuona uso huo hauachi. Nimeuza vining'inizo vingi kwa sababu ya zile sura tu.

Kuifanyia kazi si kugumu, ila kunataka subira. Unaisugua kokwa kwa mchanga na majivu mpaka ndevu zitoke. Unaianika mpaka ukiitikisa usikie mise inacheza ndani. Kabla ya hapo usiiguse, kwa sababu mise mbichi imeng'ang'ania ganda na utaivunja yote. Unaibana kwa koleo juu ya ubao. Usiishike kwa vidole. Kovu hili hapa kwenye dole gumba, mnaoliona na msioliona, ndilo lililonifundisha koleo. Unakata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma, unasukuma mise itoke nzima, unabaki na pete. Kisha jiwe lenye maji, kisha msasa namba 120, kisha 240, mwenye bidii amalizie na 400. Hapo rangi inabadilika mikononi mwako. Inatoka kwenye weusi wa masizi inakuja kwenye weusi wa jicho la mbuzi.

Vanishi siitumii. Inang'aa mwezi mmoja, halafu inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Natumia nta ya nyuki na mafuta ya mise yenyewe, sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 60 na kidogo, kwa hiyo iwekeni kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji. Atakayeiweka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa asije kuniambia jiko limelipuka. Unapaka kwa kitambaa cha fulana kuukuu, unaacha usiku mmoja, unasugua.

Mwenye nyumba ya wageni aliponiona na pazia la kokwa alikunja uso. Yeye alitaka bahari, mimi namletea jiko. Alichukua milango mitatu, advansi ya mingine nikamrudishia. Lakini wageni walianza kuuliza, na kutoka kwenye milango ile mitatu nikapata oda za watu wengine mpaka leo.

Nikadhani sasa nimepata kitu kisicho na mwenyewe. Nikawa nanunua maganda na kokwa nzima kwa debe. Baada ya miezi kadhaa yule jirani wa chini ya mwembe akaja kwangu jioni, hana ugomvi, ameshika sufuria tupu. Akaniuliza, "Sasa mimi nitapikia nini?" Kumbe maganda niliyokuwa nanunua kwa mwenye mashine ya kukamua mawese ndiyo aliyokuwa anapewa yeye bure baada ya kugonga, kuwa sehemu ya ujira wake. Nimemtoa konokono na samaki wake kwenye shida, nimemtia jirani.

Tulikaa tukakubaliana. Kokwa nzima nanunua, na bei namlipa mgongaji pia, siyo mwenye mashine peke yake. Nachagua zile nene, nzuri. Zilizovunjika, zenye ufa, vumbi na vipande vinavyobaki kwenye msumeno, vyote vinarudi kwake jikoni. Mise ninazozitoa zinarudi pia. Kwa hiyo mnaponiona nabeba gunia kwenda na gunia kurudi, si kwamba nimesahau kitu.

Niseme jambo la mbegu hapa, maana wengi mna mashamba. Tangu 2018, Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, alipokuja kuisimamia habari ya chikichi mkoani kwetu, miche ya tenera kutoka TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, imesambaa, na ni jambo jema. Tenera ni mtoto wa aina mbili za mchikichi, dura na pisifera. Ina nyama nyingi, ganda jembamba, mafuta mengi. Mkulima akifurahi na mimi namfurahia, kwa sababu bila mawese mimi maharage hayapandi. Ila kwa kazi yetu ganda la tenera halifai. Ukiliwekea msumeno linapasuka kama yai. Tunalolitaka ni la dura, michikichi ile ya mababu, ganda nene. Kwa hiyo kabla hujamwambia babu yako akate mchikichi wake wa zamani kwa sababu hauna mafuta, niletee kokwa zake nizione.

Nitoke kwenye chikichi, nisije nikaambiwa nimetumwa.

Wale mnaotoka Kasulu, Kibondo na Uvinza mna utajiri wa porini. Tunda la mninga, lile la duara lenye ukingo mwembamba kama karatasi na brashi ya miiba katikati, hakuna fundi wa mjini anayeweza kulichora vizuri hivyo. Linabaki mtini miezi mingi majani yakishapukutika, na chini ya mti huwa yapo. Okoteni ya chini. Yapange juu ya ubao mweusi, matano tu, achia nafasi. Kosa letu kubwa Waswahili tukipamba ni kuogopa ukuta mtupu. Tunajaza kalenda tatu, saa mbili, maua ya plastiki yanayooshwa kila Ijumaa, na vitambaa vya makochi juu ya vitambaa vingine. Sisemi mvitoe. Mama yangu alivifuma, nami ninavyo. Nasema tu tunda la mninga linahitaji hewa.

Na maganda ya miti ya mtundu na miyombo, haya chukueni yaliyokwisha kupasuka yenyewe. Mwaka mmoja nilichuma mabichi, marefu, yamefunga vizuri, nikayapanga kwenye chungu sebuleni. Yale yanapokauka yanajinyonga, yanakaza, halafu yanafyatuka kurusha mbegu. Ndivyo mti ulivyoumbwa, joto la kabla ya mvua likikolea. Sasa hilo joto likakolea saa nane usiku. Paa! Kimya. Paa! Mbegu ikagonga bati la kabati la vyombo. Mume wangu akaamka na panga, mimi namshika shati namwambia baba, ni pambo. Aliyokwisha kufyatuka yanabaki yamejisokota kama utepe wa zawadi, na hayo ndiyo mazuri. Kazi yote mti umekufanyia.

Mafunjo ya Malagarasi sitayasemea sana, wenzangu wa huko wanayajua kuliko mimi. Bonde lile la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa kwenye orodha ya dunia ya maeneo oevu mwaka 2000, la kwanza kwa nchi yetu. Bua la mafunjo likikatwa juu ya maji linachipua tena kutoka chini, kwa hiyo hapo dhamiri yangu inalala usingizi. Mamba ni habari nyingine.

Misitu ya hifadhi, anzieni ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama mnakwenda kuokota tu. Gombe msijaribu. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na hata jani halitoki kule.

Sasa wadudu. Vikonyo vya mkungu wa chikichi, mianzi, vipande vya mbao laini, vyote vinaweza kuwa na bungua ndani hata kama huwaoni. Niliwahi kumuuzia mtu taji la ukutani, baada ya mwezi ananipigia simu: chini ya taji kila asubuhi kuna unga kama sembe. Alidhani ni uchawi. Ilibidi nimrudishie hela yake na bado akalichoma mbele yangu. Dawa yake ni baridi. Funga kitu kwenye mfuko wa plastiki, tia kwenye friza wiki mbili, usifungue. Asiye na friza aelewane na muuza samaki. Mimi nimeshalaza mataji yangu kati ya migebuka, na mfuko ukifungwa vizuri hayanuki. Mianzi uiloweke kwenye maji kwanza wiki kadhaa, ule wanga wanaoufuata upungue. Na kazi ya kukausha ifanyeni kiangazi. Anayekausha kibuyu mwezi wa tatu anafuga ukungu.

Naomba sasa tusikilizane vizuri, hasa mama mwenye mtoto mgongoni.

Pale mezani nimeona fremu ya kioo iliyopambwa kwa mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Nzuri sana, na fundi wake ana mkono. Hizo ni mbegu za mturituri. Ikiwa nzima, ganda lake gumu linaweza kuizuia sumu hata ikimezwa. Ikitobolewa kwa sindano kutungwa, au mtoto akiitafuna, sumu inatoka, na mbegu moja iliyotafunwa vizuri inatosha kuua mtoto. Moja. Mbarika ni hivyo hivyo, zile zenye madoa kama kupe. Gundi yetu tunaijua: miezi sita tu na joto la huku, mbegu zinaanza kudondoka sakafuni, na sakafuni ndiko anakotambaa yule anayetia kila kitu mdomoni. Mimi sizitumii kabisa, wala za kuweka juu juu. Ukitaka nyekundu, soko la Mwanga shanga zipo, tele. Mwenye fremu tusionane wabaya. Njoo tukae leo jioni tuzibandue pamoja na tuzifukie, nami nitakupa pete za kokwa ujaze nafasi zake.

Mwalimu ananionyesha saa. Nilitaka kusema habari za mbao za mitumbwi mibovu, zinavyotoa fremu nzuri zenye alama za misumari na rangi tatu juu ya rangi, lakini hiyo nayo ina mwenyewe: kila mtumbwi mbovu pale Kibirizi una mtu anayesema ataurekebisha mwakani. Kamwombeni. Wakati mwingine anauza mbao mbili ili apate hela ya kurekebishia zilizobaki.

Kuna gunia pale mlangoni, ninyi vijana wa nyuma mmelifanya kiti. Lina kokwa kutoka mashamba mawili, dura na tenera zimechanganyika, na nimefanya makusudi. Kabla ya chakula kila mmoja achukue kumi, azitenganishe kwa kuzigonga kidogo juu ya meza na kusikiliza. Ya ganda nene inajibu kwa sauti kavu, fupi. Nitapita nyuma yenu. Na vipande vitakavyovunjika msifagie nje, yule mama wa chini ya mwembe yupo hapa, kakaa safu ya pili, na amekuja na mfuko wake.